Mkienda maporomokoni na watoto, msisahau sweta

Moshi. Kutoka kijiji cha Materuni, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mtu mzima hutembea kama saa moja kupita mashamba ya kahawa na migomba hadi yalipo maporomoko ya maji. Kwa mtoto wa miaka minne, njia hiyo ni ndefu zaidi.

Wazazi wengi huhofia watoto kuteleza kwenye mawe yaliyolowa. Kinachosahaulika ni baridi. Maji ya mlimani ni ya baridi kali, na mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Mtoto akianza kutetemeka, mtoe majini, mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mvishe sweta na kofia, kisha mpe chai ya vuguvugu. Akinyamaza ghafla, akisinzia au akiongea kwa shida, mfunike na umwahishe hospitali.

Beba kanga ya ziada: itamkausha, na ndiyo mbeleko wakati wa kurudi. Akichoka kabla ya kufika, geuzeni. Maporomoko hayahami.