Shilingi ya simba na mahesabu ya Kiboriloni

Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1924 ina simba aliyesimama mbele ya milima, na upande wa pili kichwa cha Mfalme George V. Uzito wake unakaribia gramu 7.8, lakini fedha halisi iliyomo ni robo tu. Rupia ya Mjerumani, ile ya Kaiser Wilhelm II mwenye kofia ya tai, ina gramu 11.66, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni fedha. Sonara akipima fedha iliyomo, rupia moja inazishinda shilingi tano za simba. Shilingi za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Ni shaba na nikeli. Mwenye sarafu hizi nyumbani azijue tofauti hizo kabla hajamuuzia mpita njia, na asizisugue kwa majivu, maana mkusanyaji hulipia alama zilizosalia usoni, na kusugua huzifuta.

Sarafu hizi zilipandaje hadi Uchagani, kwenye mlima Kilimanjaro? Kabla yake biashara ya mlimani ilikuwa ya shanga, waya na merikani. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ya mwaka 1897, rupia 3, ndiyo iliyolazimisha watu kuisaka sarafu, kwa kuuza mazao au kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowakatia Wajerumani njia ya kwao, mwaka 1916 walijitengenezea sarafu Tabora, ikiwemo ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Moshi ilikuwa imeshatekwa na Waingereza Machi mwaka huohuo. Ikaja florini, kisha shilingi, mbili kwa kila rupia, na mwaka 1966 shilingi ya Tanzania. Aliyeweka akiba ya rupia za fedha alibaki na kitu mkononi. Aliyeweka noti za dharura za Mjerumani alibaki na karatasi.

Hesabu za sarafu hazijaisha. Leo Kiboriloni, hapo Moshi, inajulikana kwa mitumba, na hesabu ya mitumba huanza kwa dola. Robota hununuliwa ng'ambo kwa dola, usafiri wa meli hulipwa kwa dola, kisha gauni linauzwa juu ya turubai kwa shilingi. Dola ilipoadimika mwaka 2023, aliyebanwa zaidi ni mama wa rejareja. Mteja haulizi dola imefika ngapi. Anakumbuka tu kwamba juzi gauni kama lile lilikuwa elfu tano, na anataka liwe elfu tano. Tofauti inatoka kwenye faida ya mama, na faida hiyo ndiyo ada ya shule.

Halafu kuna mpaka. Ukipita Himo unafika Holili, na ng'ambo ya mpaka ni Taveta, Kenya. Mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanza kutoa kila moja shilingi yake, zilikuwa sawa kwa sawa. Sasa shilingi ya Kenya huzunguka kwenye 20 za Tanzania. Mfanyabiashara akirudi na shilingi 50,000 za Kenya na kubadilishiwa kwa 19 badala ya 20, ameacha shilingi 50,000 za Tanzania kwa mbadilishaji, bila kuuza hata soksi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Naziunga mkono, ila zimefanya kiwango cha kubadilishia kiwe na uzito zaidi, kwa kuwa sasa kila mnunuzi wa kutoka Kenya lazima abadilishe kwanza.

Itifaki ya sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala Novemba 2013. Lengo lilikuwa 2024. Limesogezwa hadi 2031. Mama wa mitumba hawezi kungoja kiasi hicho. Benki na halmashauri zinaweza kuweka ubao mkubwa sokoni, viwango vya siku vikaandikwa mapema asubuhi, kabla robota la kwanza halijafunguliwa.