CT scan ya tumbo: lile joto ambalo hakuna aliyemwambia mathe

Mathe alidhani amejikojolea.

Tulikuwa tumetoka Nyamira alfajiri na matatu ya kwanza. Tumbo lilikuwa limemsumbua wiki tatu, daktari akaagiza CT scan, kwa hivyo tukashukia hospitali moja mjini Kisii. Alikuwa hajala tangu usiku. Wakampima damu kuangalia figo, kisha wakampa maji yenye dawa anywe polepole kwa saa nzima hivi. Kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba na kulinda foleni.

Ile mashine si handaki kama watu wanavyotishana. Ni kama tairi kubwa ya trekta iliyosimamishwa, na kitanda kinateleza katikati. Kupiga picha zenyewe ni dakika chache tu. Kinachouma ni sindano ya mkono, basi. Ila kupitia sindano hiyo huingia dawa yenye iodini, ili mishipa na viungo vionekane vizuri, na hapo ndipo kuna maneno. Joto linapanda ghafla kooni, linashuka hadi chini ya kitovu, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, na unahisi kabisa umelowa. Hujalowa. Linaisha baada ya dakika moja hivi.

Mathe, shemasi wa Sabato, hakuwa ameambiwa. Aliona aibu, akajaribu kuinuka. Isitoshe, sauti ya mashine ilikuwa ikimwamuru kwa Kizungu avute pumzi na kuishikilia, naye amezoea Ekegusii na Kiswahili. Picha zikaharibika, ikabidi warudie, na kurudia ni mionzi zaidi mwilini. Kama unampeleka mzazi, mfunze hayo maneno mawili matatu mkiwa bado kwenye benchi.

Kitu kingine: sema yote kabla ya sindano. Mzio, pumu, ugonjwa wa figo, mimba hata kama unashuku tu. Mathe anameza metfomini ya sukari na alinyamaza, eti "hawakuniuliza." Manze! Figo zikiwa dhaifu, dawa hiyo husimamishwa kwa siku mbili hivi, na daktari ndiye anayeamua. Mambo ya SHA nayo, ulizia mapema kabla hujafunga safari.

Baadaye aliambiwa anywe maji mengi. Majibu tungesubiri, kwani lazima picha zisomwe na mtaalamu.

Tukiwa kwenye matatu ya kurudi, alitoa simu akampigia mwenzake wa kanisani, ambaye alikuwa na miadi ya CT wiki iliyofuata. Akamweleza lile joto kwa Ekegusii, bila kuruka kitu, matatu nzima ikisikiliza.