Mzigo wa Kunakili Tarakimu: Urahisi wa Matumizi wa Fomu za Malipo Mtandaoni katika Mazingira ya Salale, Wilaya ya Kibiti

Kata ya Salale imo katika delta ya mto Rufiji, ambako safari hufuata kujaa na kupwa kwa maji. Mfanyabiashara wa kambamiti anayehitaji leseni ya halmashauri hujaza fomu mtandaoni, kisha hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba. Namba hiyo ya tarakimu 12 hutolewa kupitia Mfumo wa Kielektroniki wa Ukusanyaji wa Mapato ya Serikali (GePG), ulioanza kutumika mwaka 2017. Malipo yenyewe, hata hivyo, mara nyingi hufanyika kwingine: katika menyu ya simu, kwa mfano *150*00# ya M-Pesa.

Kiwango cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2018, hupima urahisi wa matumizi kwa ufanisi, gharama ya juhudi na kuridhika kwa mtumiaji katika mazingira mahususi. Neno “mazingira” ndilo linalosahauliwa. Fomu iliyojaribiwa ofisini, penye mtandao imara na kompyuta mbili mezani, haijajaribiwa kwa ajili ya delta.

Kati ya mifumo hiyo miwili hakuna daraja ila binadamu. Yeye ndiye anayebeba tarakimu kutoka skrini moja hadi nyingine. Kabla ya hapo huenda amekwisha kuandika namba 20 za kitambulisho cha taifa na 9 za mlipakodi. George Miller alionesha mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi huhimili takriban vipengele 7. Tarakimu 12 zilizoandikwa mfululizo bila nafasi zimepita kiwango hicho. Kwenye simu ya kitochi, ambayo haiwezi kunakili na kubandika, mtumiaji hurudi kwenye ujumbe, na menyu hufungwa. Menyu ya aina hii haihifadhi kilichoandikwa: ikikatika, kazi huanza upya.

Tatizo zito zaidi hutokea mtandao unapokatika baada ya namba ya siri kuingizwa. Skrini hunyamaza. Je, fedha zimekwenda? Kwa kawaida ankara ya kiasi kamili iliyokwisha kulipwa haipokei malipo ya pili, kwa hiyo kujaribu tena kwa namba ileile si hatari kubwa. Lakini kinga hiyo haionekani kwa mlipaji, na hakuna sentensi inayomweleza. Anayerudi kwenye fomu na kuomba namba mpya hufungua ankara nyingine kabisa, na hapo ndipo anapoweza kulipa mara mbili. Woga wake ni wa busara. Kilichopotoka ni njia anayoelekezwa na ukimya wa fomu.

Maelezo yanayozoeleka, kwamba wananchi wa vijijini wanahitaji elimu ya TEHAMA, hayatoshelezi hali hii. Elimu haizuii menyu kukatika. Marekebisho yanayohitajika ni madogo: tarakimu kupangwa nne nne, fomu kukubali nafasi na vistari badala ya kuvikataa, na, juu ya yote, fomu kuonesha hali ya ankara iliyopo kabla ya kutoa namba nyingine. La mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwa mtu aliyetoka visiwani kwa mtumbwi hadi Nyamisati kutafuta mtandao, huku maji yakianza kupwa.