Mionzi, Mawimbi na Mwangwi: Istilahi za Mpimaji wa Utrasaundi

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazohitaji uangalifu ni zile za kipimo cha utrasaundi. Kijana wa Tunduma au Vwawa anayejifunza kazi hii husomea masomo yake kwa Kiingereza. Akirudi mkoani Songwe, atawahudumia Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali, na lugha itakayowaunganisha ni Kiswahili. Yafaa basi aandaliwe maneno mapema.

Neno la kwanza lenye utata ni mionzi. Kwa kuwa eksirei na utrasaundi aghalabu huwa katika idara moja, watu wengi huviita vyote "vipimo vya mionzi". Jina hilo halifai. Eksirei hutumia mionzi iwezayo kudhuru chembe hai, ndiyo maana mjamzito hukingwa nayo. Utrasaundi hutumia mawimbi ya sauti yenye mitetemo mamilioni kadhaa kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi. Mawimbi hayo hupenya mwilini, hugonga viungo na kurudi. Mashine hupima muda yanaotumia kurudi, kisha huchora taswira. Sauti irudiyo ina jina lake katika Kiswahili tangu zamani, nalo ni mwangwi.

Tofauti hii si ya wanalugha peke yao. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe utrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Mama akielezwa kwamba "atapigwa mionzi", aweza kukikimbia kipimo kinachomfaa.

Neno la pili ni mpiga picha. Katika utrasaundi, mpimaji hukisogeza na kukiinamisha kifaa juu ya ngozi iliyopakwa jeli, huku akitafuta. Kile ambacho mkono wake haukukifikia hakitaonekana katika picha, hata asomaye awe bingwa. Ndiyo sababu mwanafunzi hujifunza maumbile ya mwili na fizikia ya sauti, kisha hupima wagonjwa chini ya uangalizi wa mwalimu. Kwa hiyo twapendekeza mpimaji wa utrasaundi, jina linalobeba kazi yenyewe.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayatenge maneno haya: mionzi kwa eksirei, mawimbi ya sauti na mwangwi kwa utrasaundi.