Aombe Tena au Aache?

Huko Marekani vijana wengi wamalizao chuo cha sheria hutamani kuwa karani wa jaji. Usidhani ni kazi ya kupiga taipu! Karani huyo humchambulia jaji sheria na kumwandikia rasimu za hukumu, kwa mwaka mmoja au miwili.

Basi afanyeje aliyekataliwa mara nyingi? Kwanza atazame barua zake alizipeleka wapi. Kama ni kwa majaji wa miji mikubwa tu, bado hajajaribu. Ziko mahakama za majimbo, na majaji wengine hupenda mtu aliyekwisha kufanya kazi ya uwakili. Ruth Bader Ginsburg, aliyemaliza Columbia mwaka 1959 akiwa miongoni mwa wa kwanza darasani, alikataliwa na Jaji Felix Frankfurter kwa kuwa ni mwanamke. Mwalimu wake, Gerald Gunther, alimshikilia Jaji Edmund Palmieri wa New York hata akamchukua. Mwaka 1993 mama huyo akawa jaji wa Mahakama ya Juu.

Lakini kama anatafuta sifa tu, na kuna mawakili walio tayari kumwajiri, mimi naona aende kwao. Baada ya miaka miwili aweza kuandika tena, akiwa na jambo jipya la kumwambia jaji.