Makazi ya Ctrl

Miongoni mwa vitufe vya kibodi vimo ambavyo, vikibonyezwa peke yavyo, haviandiki hata herufi moja, bali hubadili maana ya vitufe vingine, kama Shift iletayo herufi kubwa, na Ctrl ambayo, ikiandamana na C, hunakili maandishi yaliyoteuliwa. Ajabu ni kwamba Ctrl, pamoja na wingi wa shughuli zake, imesukumwa hadi pembeni, chini kushoto, ambako kidole cha mwisho hakifiki ila kwa kujipinda, ilhali Caps Lock, ambayo aghalabu huguswa kwa bahati mbaya, imestarehe ubavuni mwa A.

Haikuwa hivyo tangu awali. Mashine ya ADM-3A, ambayo kwayo Bill Joy aliandika vi, programu ya kuhariri maandishi, huko California mnamo 1976, iliiweka Ctrl ubavuni mwa A, na kibodi ya IBM AT ya 1984 ikaishika ada hiyo. Ni ile ya vitufe 101, iliyotoka muda mfupi baadaye, iliyoihamisha Ctrl, na watengenezaji wengine wakafuata.

Kwa mtumiaji wa Linux kadhia hii ina dawa nyepesi, kwani kibodi yenyewe haijui herufi: kila kitufe hupeleka nambari tu, na mfumo uitwao XKB ndio huifasiri kwa kufuata jedwali. Aandikaye amri setxkbmap -option ctrl:nocaps hubadili jedwali hilo, na papo hapo Caps Lock ikawa Ctrl ya ziada. Atakaye jambo hilo lidumu, katika Debian na jamaa zake, huandika ctrl:nocaps kwenye mstari wa XKBOPTIONS wa faili /etc/default/keyboard. Penye Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha kwenye skrini, amri ya setxkbmap haifui dafu, na hapana budi kupitia mipangilio ya mazingira yenyewe, kama vile GNOME au KDE.

Lakini chaguo la XKB nilipendalo zaidi ni compose:ralt, liifanyalo Alt ya kulia kuwa kitufe cha kuungia alama: ukiibonyeza na kuiachia, kisha ukapiga > na ritifaa, hupata ’ iliyopinda, ile ipendezayo katika ng’ombe na ng’ambo, badala ya ile iliyosimama wima kama msumari. Mwenye kuihitaji Alt hiyo kwa herufi za Kizungu zenye alama, na achague compose:menu, iwapo kibodi yake inacho kitufe cha Menu.