Televisheni ya Chogo na Vigae vya Manda

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tangu televisheni bapa zilipoingia visiwani kwetu, zile za zamani zenye chogo zimekuwa kama mgeni aliyepitisha siku zake. Huwekwa nyuma ya nyumba, kuku wakazilalia, na mwisho wake ni jaani. Mimi ninazo tatu hapa Manda, na kila anizuruye huuliza: "Maalim, mizigo hii ya nini?"

Mizigo ni mizigo kweli. Televisheni ya inchi 21 hukaribia kilo 25, na ya inchi 29 hupita kilo 40. Kuvuka nayo kutoka Lamu ni kazi ya mahamali wawili, na nahodha huitaka ikae katikati, mashua isije ikaenda upogo. Uzito ule mwingi ni wa kioo. Ndani ya chogo hamna hewa, hivyo kioo hakina budi kuwa kinene, hewa ya nje isikiponde. Shingoni mna kifaa kifyatuacho chembe za umeme zikapiga utando wa mbele, na hapo ndipo picha huonekana. Msingi wa ufundi huu aliuweka Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897.

Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, na Zanzibar ikarusha ya rangi mwaka 1973. Enzi hizo mwenye televisheni hakuwa nayo peke yake. Ilikuwa ya mtaa mzima. Jamvi lilitandikwa, watoto wakakaa mbele, wazee barazani, kina mama dirishani. Leo kila mtu ana kioo chake kiganjani.

Wapo wasemao kuwa kitu kilichotengenezwa Ujapani hakiwezi kuwa turathi ya Mswahili. Nawakumbusha vigae alivyofukua Neville Chittick katika magofu ya Manda. Mna vyombo vya Ghuba ya Uajemi na vya Uchina, vingine vya tangu karne ya 9. Navyo vililetwa kwa majahazi, vikatumiwa, vikavunjika, vikatupwa. Sasa ndivyo vinavyotueleza walivyoishi waliotutangulia.

Lakini ipo tofauti kubwa. Kigae hakiudhuru udongo. Kioo cha chogo kina risasi, ile wavuvi wanayofanyia chubwi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Anayekivunja ili apate shaba ya ndani huiacha sumu hiyo ardhini, na kisiwa hiki maji matamu ni haba. Watu wa Takwa, wasimulizi husema, waliuhama mji wao katika karne ya 17 wakaenda Shela, kwa kuwa visima viliingia chumvi. Wao walishindwa na bahari. Sisi tukiharibu maji, tutakuwa tumeyaharibu kwa mikono yetu.

Basi, msomaji, uliye na chogo zima litunze mahali pakavu, mbali na upepo wa chumvi. Usilifungue mgongo, kwani umeme mkali hubaki ndani hata baada ya kuzimwa. Mitambo ya mawimbi ya kale ilizimwa nchini mwaka 2015, lakini king'amuzi chenye nyaya za rangi tatu bado huliamsha. Lililokufa lisipasuliwe, liwekwe zima hadi lipate chombo cha kulifikisha kwa wanaopokea vifaa vya umeme vilivyochakaa. Nauli yake si ndogo, lakini kisima kilichoharibika hakinunuliki.